Waliofunguliwa Mlango: Wanafunzi, Wakimbizi na Mipaka Yetu

(Hotuba iliyotolewa Kampala mbele ya wanafunzi na wapenzi wa Kiswahili, kama ilivyoandikwa baadaye kutokana na kinasa sauti)

Wazee wetu, walimu, vijana wa vyuo, na ndugu zetu wa Kongo, Burundi, Rwanda na Sudani Kusini ambao Kampala sasa ni kwenu kama ilivyo kwetu: shikamooni kwa wanaostahili, na wengine hamjambo. Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kwamba tumekubaliana tuzungumze Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, hapahapa Kampala, jambo ambalo watu wa ukumbi wa chini bado hawajaliamini.

Nianze na mtu ambaye wengi humu hamjapata kumsikia, ingawa mwanawe mnamjua nyote. Aliitwa John Kale, au Kalekezi, mtoto wa Kisoro. Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa mwanafunzi Makerere, akafukuzwa kwa ajili ya siasa zake. Kijana aliyefukuzwa chuo kipindi kile alikuwa na njia mbili: arudi kijijini akalime, au amwombe radhi Mzungu. Kale akashika njia ya tatu. Akaelekea kaskazini, akafika Cairo, na mwaka 1957 akafungua pale ofisi ya chama cha Uganda National Congress. Misri ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa imewafungulia vijana wa namna yake. Iliwapa chumba cha ofisi, simu na nauli za kwenda mikutano ya Afrika na Asia. Redio Cairo ilikuwa inatangaza kwa Kiswahili tangu 1954, na gavana mmoja mmoja wa huku kwetu alikuwa hana usingizi kwa sababu yake. Agosti 1960 Kale akafa katika ajali ya ndege karibu na Kiev, miaka miwili na kidogo kabla ya uhuru wa nchi yake.

Nyuma aliacha mtoto wa kiume ambaye hakuwa ametimiza miaka mitano. Mtoto huyo ni Kale Kayihura, Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda tangu 2005 hadi 2018. Nyinyi mliokuwa Wandegeya na Kikoni, mitaa ya jirani na Makerere, miaka ile mnajua moshi wa mabomu ya machozi unavyowasha, na mnajua saini ya nani ilikuwa juu ya polisi waliokuwa wakiyapiga.

Simsimangi mtu. Simsemi jenerali kwa nasaba yake, maana hakuna aliyechagua baba. Nimeanza hapo kwa sababu historia ya migomo ya wanafunzi na ya wapinzani wa serikali katika Afrika Mashariki tumezoea kuisimulia kutoka upande mmoja tu, upande wa aliyepaza sauti na aliyekimbia. Tunamtaja shujaa, tunataja gereza lake, halafu tunaruka hadi siku aliporudi na kuapishwa. Katikati pana mtu tunayemsahau: aliyempokea. Bila Cairo, Kale angekuwa kijana aliyefukuzwa shule, basi. Na mimi nasema kwamba tukiitazama historia yetu kupitia kwa mwenyeji, kupitia kwa aliyefungua mlango, tutayaelewa vizuri zaidi hata haya yanayotokea siku hizi, ambapo mtu anatekwa Nairobi usiku na kuonekana Kampala akiwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Turudi nyuma kidogo. Makerere ilianza 1922 na vijana 14 wa kujifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Kufikia miaka ya 1940 ilikuwa ndiyo kilele cha elimu kwa Mwafrika wa ukanda huu wote. Oginga Odinga alipita pale. Julius Nyerere alikaa pale 1943 hadi 1945, na akiwa mwanafunzi alishiriki kuanzisha chama cha ustawi cha Watanganyika. Milton Obote alipita, Mwai Kibaki alipita, Benjamin Mkapa alipita. Waingereza walijenga chuo kimoja kwa ajili ya nchi nne ili kubana matumizi. Hawakupiga hesabu ya nini kitatokea ukiwalaza Mluo, Mkikuyu, Mzanaki na mtu wa Lango chini ya paa moja kwa miaka mitatu, wakila posho ileile mbaya.

Na posho ndiyo iliyoanza maneno. Agosti 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa ajili ya chakula. Kiongozi wao alikuwa Abu Mayanja, kijana wa umri wa miaka 23, ambaye miezi michache kabla, Machi 1952, alikuwa ameshirikiana na Ignatius Musazi kuunda Uganda National Congress na kuwa katibu mkuu wake. Utawala wa chuo ulijua kwamba hapa suala halikuwa maharage. Mayanja akafukuzwa. Halafu gavana Andrew Cohen akafanya jambo la ajabu: akasaidia kijana huyohuyo apelekwe kusoma Cambridge. Wapo wanaosema ulikuwa ukarimu. Mimi naona gavana alikuwa mjanja tu. Mwenye maneno mengi, mpe tiketi ya meli. Ila alichosahau ni kwamba London ya wakati ule ilijaa Waafrika, Wahindi na watu wa Karibiani wenye maneno mengi kuliko hata Mayanja.

Mnamjua Mayanja kwa mengine pia. Oktoba 1968, akiwa mbunge, alikamatwa pamoja na Rajat Neogy, mhariri aliyekuwa akichapisha hapa Kampala jarida lililosomwa bara zima, kwa sababu ya barua aliyoiandika kuikosoa serikali ya Obote juu ya katiba. Mkoloni alimfukuza chuo na kumpeleka Cambridge. Serikali huru ilimpeleka gereza la Luzira. Baadaye akawa waziri, na katika serikali zaidi ya moja. Maisha ya huyu mzee mmoja yanatosha kufundishia somo la uraia muhula mzima, ajabu ni kwamba hayamo kwenye silabasi.

Sasa naomba tukae kidogo katika miaka ya 1963 hadi 1970, maana hapa ndipo penye utamu, na ndipo penye hasara tuliyoipata bila kuiona.

Mwaka 1963 kiliundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki chenye matawi matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kozi za gharama kubwa ziligawanywa. Ukitaka udaktari, unakuja Kampala. Uhandisi, Nairobi. Sheria, Dar es Salaam. Kwa hiyo Mkenya aliyetaka kuwa wakili alipanda basi kwenda Dar, na Mtanganyika aliyetaka kuwa daktari alipanda meli ya ziwani kuja hospitali ya Mulago. Mpango huu ulikuwa wa wahasibu, lakini ulifanya kazi ambayo mikutano yote ya marais haijawahi kuifanya. Kijana alikuwa anajifunza siasa za jirani kabla ya kuzijua vizuri za kwao. Mkenya Willy Mutunga alisomea sheria Dar. Mganda Yoweri Museveni alisoma Dar kuanzia 1967 hadi 1970. Hilo jina la pili nadhani mmewahi kulisikia.

Dar waliyoikuta ilikuwa mji wa wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji ilikuwa na makao yake pale, na ndipo kiongozi wake Eduardo Mondlane alipouawa kwa bomu la kifurushi Februari 1969. Walikuwapo watu wa Afrika Kusini, wa Zimbabwe, wa Angola. Mwalimu wao mmoja alikuwa Walter Rodney wa Guyana. Rodney alikuja Dar 1966, akaenda kufundisha Jamaica, na Oktoba 1968 serikali ya Jamaica ikamzuia kushuka kwenye ndege aliporudi kutoka mkutano wa Montreal. Wanafunzi wa Kingston wakaandamana tarehe 16 Oktoba, mji ukawaka. Rodney akarudi Dar mwaka uliofuata, akafundisha hadi 1974. Fikirini hilo: mtu anafukuzwa kisiwa kimoja cha Karibiani, anakuja kupata meza, chaki na mshahara kwenye kilima cha Ubungo.

Mwaka 1967 wanafunzi wa Dar waliunda chama cha kimapinduzi cha wanafunzi wa Afrika, USARF kwa kifupi chake, na mwenyekiti wake akawa Museveni. Kulikuwa na Waganda, Watanzania, Wakenya, Wasudani, Waethiopia, Wamalawi. Mwaka 1968 kundi lao liliingia Msumbiji kwenda kuona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO. Jarida lao liliitwa Cheche. Na Novemba 1970 serikali ya Nyerere ikalipiga marufuku jarida na chama chenyewe.

Naam, Nyerere huyohuyo. Hapa tusimgeuze Mwalimu kuwa malaika. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar, wa Kitanzania, waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa. Bango lao moja lilisema kwamba hata ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu akawasikiliza Ikulu, kisha akalipuka, akawarudisha nyumbani karibu 400, na papo hapo akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20 kwa sababu walikuwa wamesema wakubwa wanakula vinono. Alikuwa mwenyeji mkarimu kwa waasi wa nchi nyingine, na mzazi mkali kwa wa kwake. Nadhani kila serikali iliyowahi kuwapokea wakimbizi wa kisiasa ina ndimi mbili za namna hiyo.

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikavunjwa, kila nchi ikabaki na chake. Magazeti yalishangilia. Mimi naiona kuwa hasara kubwa kuliko kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, maana ya 1977 ilivunja reli na ndege, vitu vinavyonunulika. Wanafunzi wa vyuo vyetu sasa wanawajua wenzao wa Nairobi kwa simu tu, kupitia video fupifupi, na wanadhani wanajuana.

Januari 1971 Idi Amin akachukua nchi. Hapa nitapita haraka, maana wapo humu ambao habari hizi ni za nyumbani kwao, na sina haki ya kuzichezea. Makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa Oktoba 1972 na hakuonekana tena. Mwaka 1976 ndio uliokuwa mbaya zaidi Makerere. Februari, mwanafunzi wa kike kutoka Kenya alitoweka uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa njiani kwenda kwao. Machi, mwanafunzi Paul Sserwanga akapigwa risasi karibu na chuo, wenzake wakaandamana. Juni, mlezi wa bweni la wasichana la Africa Hall akauawa. Tarehe 3 Agosti askari wakavamia mabweni, wakawapiga wanafunzi na kuwafanyia wasichana unyama. Mwezi wa Juni mwaka huohuo watoto wa Soweto nao walikuwa wanapigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Dunia iliwaona wa Soweto kwa picha. Wetu hawakupigwa picha.

Na hapa lazima niseme neno juu ya lugha hii tunayozungumza. Amri za wale askari zilitolewa kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi. Ndiyo maana hadi leo bibi wa Buganda akisikia Kiswahili mlangoni anashtuka, na sisi tunaokipenda tusimcheke. Lakini ni lugha hiyohiyo iliyowabeba waliokimbia. Mganda aliyefika Bukoba, Tabora, Kisumu au Mombasa hakuwa na lugha nyingine ya kuombea maji. Walikwenda na Kiswahili cha kubahatisha, wakarudi 1979 na watoto wanaosema "shikamoo".

Walikwendaje? Nitawaeleza jinsi ilivyokuwa upande wetu wa Busia, maana mimi ni mtu wa mpakani. Shangazi yangu aliolewa upande wa Kenya, akawa na kibanda cha chai. Enzi za magendo, kahawa ya Uganda ilivuka usiku kwa baiskeli, na chumvi na sabuni zikarudi. Vijana wa chuo walifuatana na wabeba kahawa. Shangazi alikuwa anawatambua kwa viatu. Mchuuzi wa magendo hana viatu vya kamba. Hakuwauliza jina, wala kosa. Aliwauliza, "Umekula?" Kisha anawavua viatu, anawapa kandambili na fungu la samaki wakavu kichwani, na asubuhi anawapandisha basi la Kisumu wakiwa wachuuzi. Viatu vilibaki chini ya kitanda chake, vingine hadi alipofariki. Marehemu hakuwahi kuitwa kwenye sherehe yoyote ya kitaifa, upande wowote wa mpaka.

Upande wa Tanzania mambo yalikuwa rasmi zaidi. Obote alipewa nyumba Dar es Salaam, na wapiganaji wake wakawekwa kambini Kigwa, mkoa wa Tabora. Septemba 1972 walijaribu kuivamia Uganda kupitia Mutukula, mpakani, wakapigwa vibaya, na Oktoba Tanzania na Uganda zikatia saini makubaliano ya Mogadishu. Baada ya hapo wakimbizi wakaambiwa watulie. Wengi wakawa walimu. Museveni mwenyewe alifundisha chuo cha ushirika cha Moshi. Mahmood Mamdani alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1973, pamoja na Dani Nabudere na Yash Tandon. Shule za Tanzania zilikuwa na upungufu wa walimu, Uganda ilikuwa na wasomi wanaokimbia, hivyo kila upande ukapata. Machi 1979, Waganda wa makundi yote walipotafuta mahali pa kuelewana, walikutana Moshi. Aliyechaguliwa kuongoza alikuwa Yusuf Lule, aliyekuwa mkuu wa Makerere kabla ya 1970. Aprili akawa Rais, Juni wakamwondoa. Akaenda ukimbizini, na 1981 akawa mwenyekiti wa chama kipya kilichoundwa Nairobi. Chama hicho ni NRM.

Nairudia polepole kwa ajili ya vijana: chama kinachotawala Uganda kilizaliwa Nairobi, kwa sababu Nairobi palikuwa na mlango.

Nimemtaja Mamdani. Yeye mwenyewe amewahi kusimulia kisa ambacho kingefaa kusomwa darasani. Alikwenda Marekani kusoma, na Machi 1965 akaungana na wanafunzi wenzake kwenda Montgomery, Alabama, kuandamana kwa ajili ya haki za watu weusi. Akakamatwa. Aliporuhusiwa kupiga simu, akampigia balozi wa Uganda kule Washington. Balozi akamuuliza inakuwaje aingilie mambo ya ndani ya nchi ya watu. Kijana akamjibu kwamba haya si mambo ya ndani, ni mapambano yaleyale ya uhuru ambao sisi tumeupata juzi tu, umekwisha kuusahau? Balozi, tuseme ukweli, alimtoa. Mwaka 1972 Mamdani huyohuyo akafukuzwa Uganda pamoja na maelfu ya Wahindi. Mwanawe Zohran, aliyezaliwa hapahapa Kampala mwaka 1991, alichaguliwa Novemba 2025 kuwa meya wa New York. Swali la balozi bado liko hai: mambo ya ndani ya nchi yanaishia wapi?

Wakenya nao walikuwa na zamu yao. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa zaidi ya mwaka mzima. Kiongozi wa wanafunzi, Titus Adungosi, alifungwa miaka 10 kwa uchochezi na akafia gerezani 1988. Jina lake Mteso yeyote wa Soroti analisikia kama la kwao. Wengine walikimbilia Tanzania. Na hapo ndipo mnapoona kwamba mlango una bawaba, unaweza kufungwa pia. Novemba 1983 Kenya na Tanzania zilibadilishana watu: Kenya ikatoa Watanzania iliokuwa ikiwahifadhi, Tanzania ikamtoa Hezekiah Ochuka, aliyeongoza jaribio lile, na wenzake. Mwezi huohuo mpaka uliofungwa tangu 1977 ukafunguliwa kwa biashara. Ochuka akanyongwa 1987. Sisemi Ochuka alikuwa mtakatifu. Nasema bei ya kufungua mpaka kwa malori ilikuwa watu, na marais walipeana mikono.

Kuna mkataba unaohusu mambo haya, na nawaomba wanafunzi wa sheria wausome wote, si kurasa za mwanzo tu. Ni mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Kifungu cha pili kinasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, na nchi nyingine isilichukulie kuwa ni uadui. Maneno mazuri kabisa. Geuza ukurasa. Kifungu cha tatu kinamkataza mkimbizi kufanya uchochezi dhidi ya nchi yoyote mwanachama, na nchi zinaahidi kumzuia asiishambulie nchi nyingine, si kwa silaha tu, hata kwa magazeti na redio. Mkataba mmoja, mkono wa kulia unakaribisha na wa kushoto unaziba mdomo. Waliouandika walikuwa marais ambao kila mmoja alikuwa na mpinzani wake nyumbani kwa jirani. Na sheria yetu ya wakimbizi ya 2006, inayosifiwa dunia nzima kwa kuwapa wakimbizi ardhi na ruhusa ya kufanya kazi, nayo inawakataza kufanya siasa wakiwa Uganda. Ndugu zangu wa Goma na Bujumbura mlioko humu, mnaijua hiyo kuliko mimi. Mmekaa kimya sana tangu nilipoanza, na nimeelewa.

Sasa tuje kwenye haya ya karibuni, niyataje kwa mpangilio maana yanapishana vichwani.

Juni 2024 vijana wa Kenya walipinga muswada wa fedha, na tarehe 25 wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais Ruto akasema hautii saini. Tarehe 23 Julai vijana wa Kampala nao wakajaribu kuandamana kwenda Bunge la Uganda juu ya ufisadi, wakakamatwa kwa makumi. Siku hiyohiyo, Kisumu, polisi wa Kenya wakawakamata wanachama 36 wa FDC, chama cha upinzani cha Uganda, waliokuwa kwenye mafunzo, wakaletwa Uganda na kushtakiwa kwa ugaidi. Tarehe 16 Novemba 2024 Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani wa Uganda, akatekwa Nairobi, alikokwenda kwa uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua, wakili na mwanasiasa wa Kenya. Siku nne baadaye akaonekana mahakama ya kijeshi, Makindye.

Mtazameni Besigye na Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, daktari kijana aliyetoka Makerere, alikimbilia Nairobi akapata kazi huko kabla ya kwenda msituni. Mwaka 2011, baada ya kupigwa pilipili ya macho hapa Kampala wakati wa maandamano ya kutembea kwenda kazini, alipelekwa Nairobi kutibiwa. Mwaka 2024 alichukuliwa Nairobi. Mji uleule, mtu yuleyule, serikali zenye bendera zilezile.

Mei 2025 zamu ikawa ya Dar es Salaam. Kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani wa Tanzania, ilikuwa inasikilizwa, majirani wakataka kwenda kuisikiliza. Karua akazuiwa uwanja wa ndege. Willy Mutunga, ambaye baada ya kuwekwa kizuizini na Rais Moi mwaka 1982 alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, akazuiwa pia, katika mji uliomfundisha sheria. Mwandishi wa habari wa Uganda Agather Atuhaire na mwanaharakati wa Kenya Boniface Mwangi wakakamatwa, wakashikiliwa siku kadhaa, kisha kila mmoja akatupwa karibu na mpaka wa kwao, Atuhaire akiachwa Mutukula. Wote wawili wamesema waliteswa. Mutukula, wazee wangu! Njia ileile ambayo mwaka 1979 majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa ukimbizini waliipita kuja kumwondoa Amin.

Tusijidanganye kwamba sisi Waganda tuna usafi. Tarehe 1 Oktoba 2025 Wakenya wawili, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, walichukuliwa hapa Kampala walipokuwa wamekuja kumuunga mkono mgombea wa upinzani. Kwa wiki tano serikali haikusema wapo wapi. Walipoachiwa Novemba, Rais Museveni alisema mwenyewe kwenye mahojiano kwamba walikuwa wamewekwa kwenye friji kwa siku kadhaa. Kijana aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa nchi mbalimbali Dar es Salaam mwaka 1967 ndiye huyo aliyelalamika kwamba wageni wanaingilia siasa za Uganda. Swali la balozi wa Washington limepata mwenyewe.

Na hii ndiyo inayonikera. Kitambulisho cha taifa kinatosha leo kumvusha Mganda kwenda Kenya na Rwanda. Itifaki ya soko la pamoja ya 2010 inaruhusu watu, mitaji na mahindi kuvuka. Nchi zetu zimeunganishwa kuliko wakati wowote tangu mkoloni aondoke, na mtu mwenye maoni ana mahali pachache pa kukimbilia kuliko mwaka 1976. Muunganiko wa polisi umekwenda mbio kuliko muunganiko wa vyuo. Wanaozijua njia za panya kwa miguu yao ndio walioweka walinzi kwenye njia hizo, na walijua pa kuwaweka.

Bado ipo milango. Ipo nyumbani kwa watu. Vijana wa Kenya walipotekwa 2024, michango ya mawakili ilitoka hadi Kampala. Mawakili wa Kenya walikuja kumtetea Besigye hata Karua aliponyimwa leseni kwanza na kupewa baadaye. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba raia hawapaswi kushtakiwa katika mahakama za kijeshi, na kesi ya Besigye ikahamishiwa mahakama ya kiraia. Bunge likatunga sheria nyingine miezi michache baadaye kuirudisha njia hiyo. Mvutano unaendelea, na hauendi kwa kasi ya video.

Nina ombi moja, la kazi. Orodha za mashujaa tunazo, barabara zimepewa majina yao, hata bweni la Lumumba pale Makerere limebeba jina la mtu wa nchi jirani. Orodha ya waliowapokea hatuna. Walimu wakuu wa Tabora na Bukoba waliompa Mganda darasa bila vyeti, akina mama wa Busia na Malaba, wenye nyumba wa Eastleigh, Nairobi, waliosubiri kodi miezi sita. Wengi wamekwisha kufa, waliobaki wana miaka 80. Kila mwenye simu humu ana kinasa sauti.

Tumeanza kabla ya leo. Mzee aliyekaa safu ya mbele, mwenye kofia ya kijivu, alifundisha hisabati sekondari moja ya Tabora miaka yote ya Amin. Ana daftari lenye majina ya familia tatu zilizomlisha kabla hajapata mshahara wa kwanza, na mtoto wa mojawapo ya familia hizo yuko Kampala sasa, anauza vipuri soko la Kisekka. Amekubali azungumze naye hapa mbele yenu. Nawaomba msogeze viti, maana sauti yake si kubwa. Karibu mzee, kipaza sauti ni chako.